UZI: Pesa za jimbo la Minnesota kwa mashamba, maonyesho, mataifa ya Wenyeji na maveterani. Zinapitia wapi, na sisi tuko wapi?

#1 Mzee wa Mississippi

Wakuu, habari za majukumu.

Msimu wa bajeti ukifika, magrupu yetu ya WhatsApp huku Minnesota hujaa Washington: Rais kasema hiki, Kongresi imegomea kile. Sawa. Lakini pale St. Paul, makao makuu ya jimbo, kuna watu 201, wawakilishi 134 na maseneta 67, ambao kila mwaka wa witiri wanapitisha bajeti ya miaka miwili. Humo ndimo inapoamuliwa kama kijana atapata ruzuku ya kununulia shamba, kama nyumba mpya ya maveterani itajengwa, kama maonyesho ya kaunti yatakuwa na cha kuwazawadia watoto waliofuga mbuzi, na kama mwanafunzi Mwenyeji, yaani Mmarekani wa asili, kutoka Red Lake atasoma chuo bila ada. Habari hizo sijaziona grupuni hata siku moja.

Mdau mmoja aliniuliza kwa nini mambo haya manne yanatajwa pamoja wakati hayafanani. Kwa mtazamo wangu yanafanana kwa jambo moja: kila moja lina watu waliojipanga jimbo zima. Kaunti ziko 87, na kila moja ina ofisa wake wa huduma za maveterani. Karibu kila kaunti ina chama cha kilimo kinachoendesha maonyesho. Wakulima wana vyama vyenye umri wa kuwazidi babu zetu. Mataifa ya Wenyeji yako 11 na kila moja ni serikali kamili. Mbunge wa huko mashambani akienda kanisani anakutana nao, akienda kunywa kahawa anakutana nao. Basi wanapata mstari kwenye bajeti, na mstari ukishaingia hautoki kirahisi.

Kabla hatujaenda mbali, jueni kuwa mifuko ni mitatu.

Kuna mfuko mkuu, wa kodi ya mapato na kodi ya mauzo, unaolipa ruzuku na mishahara.

Kuna hati fungani, yaani jimbo linakopa ili lijenge. Hapa Katiba ya jimbo inadai asilimia 60 ya kura, kwa hiyo wawakilishi 81 na maseneta 41. Hakuna chama kinachoweza kufika hapo peke yake, na ndiyo sababu mwaka 2024 walivutana mpaka kikao kikafungwa bila muswada wa ujenzi. Ukapita Juni 2025, kwenye kikao maalumu, dola milioni 700.

Wa tatu wengi hawaujui kabisa: unaitwa Legacy. Mwaka 2008, uchumi ukiwa unaporomoka, wapiga kura wenyewe walikubali kubadili Katiba na kujiongezea kodi ya mauzo ya asilimia 0.375 hadi mwaka 2034, kwa ajili ya maji, wanyamapori, mbuga, sanaa na urithi. Kutoka fungu la sanaa na urithi, maonyesho ya kaunti hupewa ruzuku, na fungu hilohilo hulipia juhudi za kufufua lugha za Wenyeji, Kidakota na Kiojibwe. Ukinunua simu hapa Brooklyn Park umeshachangia vyote viwili. (Ukinunua nguo hujachangia. Nguo hazitozwi kodi ya mauzo jimbo hili, na ndugu zetu wa majimbo jirani wanalijua hilo vizuri.)

Karibuni. Mwenye uzoefu na mojawapo ya haya manne ashushe.

#2 Kibaraza

Mkuu, niko zangu Dar nasoma kwa mshangao. Yaani serikali inatoa pesa watu wakaonyeshe nguruwe? Huku Nane Nane mabanda yenye watu ni ya taasisi zinazogawa kofia na vipeperushi, mkulima mwenyewe anakuja kutembea na kula chipsi. Hebu tuambie hayo maonyesho yanamsaidia nani.

#3 Mzee wa Mississippi

Kibaraza, swali zuri. Kuna maonyesho ya aina mbili, na watu hata wa hapa wanayachanganya.

Yale makubwa ya jimbo pale Falcon Heights, yanayokwenda siku 12 na kuishia Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, hayachukui ruzuku ya serikali tangu 1949. Yanajiendesha kwa viingilio, kodi za vibanda na mikopo yao wenyewe. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya watu milioni 2.1. Wanaochonga sanamu ya kichwa cha msichana kutoka kwenye bonge la siagi la ratili 90 ni wao. Ndiyo, siagi. Anakaa kwenye chumba cha vioo chenye baridi akichongwa huku watu wanamtazama.

Ya kaunti ndiyo yanayopata mkono wa jimbo, na mkono wenyewe ni mdogo: fungu la kawaida la mfuko mkuu ni chini ya dola nusu milioni kwa mwaka, na linagawanywa kwa vyama vya kaunti zote. Gawanya uone. Hata tela la kubebea ng'ombe halitoshi. Lakini tazama sharti lake: chama kiwe kimeandaa maonyesho miaka mitatu mfululizo na kiwe kimelipa zawadi kwa walioleta mazao na mifugo. Kwa hiyo pesa inafuata zawadi. Binti wa miaka 12 akileta kuku wake akapata utepe wa bluu, ana hundi yake ya dola chache. Kofia na vipeperushi havilipiwi.

Ukitaka kujua ukubwa wa hicho kitu kwa watu wa hapa, tangu 1859 maonyesho ya jimbo yamefutwa mara chache mno. 1861 na 1862 vita, 1893 yaligongana na maonyesho ya dunia ya Chicago, 1945 mafuta yalikuwa ya mgawo, 1946 ugonjwa wa kupooza watoto, 2020 korona. Ile ya 1862 tutairudia tukifika kwa Wadakota.

Na jambo la mwisho: Baraza la Wawakilishi na Seneti huweka vibanda palepale Falcon Heights na kugawa karatasi za maoni. Unajaza unachotaka kuhusu kodi, bunduki, bangi, chochote. Si kura rasmi, lakini matokeo hutangazwa na wabunge wanayasoma. Nimepita pale mara nyingi, foleni ni ya wazee wa Kizungu wenye kofia za trekta. Sisi tuko upande wa pili tumesimama kwenye ndizi za kukaanga.

#4 Kunde_na_Managu

Mzee wa Mississippi, shikamoo. Mimi ni mkulima, nalima kaskazini ya majiji mawili, Minneapolis na St. Paul, upande wa Cambridge, managu, kunde, terere na sukuma. Nianze kwa kukupinga kidogo. Unasema ukijipanga unapata mstari. Kwa shamba si rahisi hivyo.

Tatizo la kwanza ni ardhi. Mkulima wa Kizungu hapa kawaida karithi. Wewe umekuja na sanduku. Jimbo lililiona hilo, likaanzisha ruzuku ya malipo ya kwanza ya shamba: hadi dola 15,000, na wewe uweke angalau kiasi hichohicho, liwe shamba lako la kwanza kununua, na uahidi kulilima miaka 5. Nzuri. Lakini waombaji ni wengi kuliko fungu, ikafika mahali majina yanachezeshwa bahati nasibu. Nimewaona watu wameshakubaliana na muuzaji, benki imekubali, halafu jina halikutoka. Muuzaji hasubiri bahati nasibu ya serikali.

Tatizo la pili, wengi wetu hatununui, tunakodi. Na hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mtu akinakili. Kuna nafuu ya kodi kwa ajili ya wakulima wanaoanza, lakini haiendi kwa mkulima, inaenda kwa mwenye ardhi. Mzee mwenye ekari zake akikukodishia wewe unayeanza, anapunguziwa kodi yake ya jimbo kwa asilimia 10 ya pango la mwaka, kwa miaka 3, ilimradi wewe umeandikishwa na unasoma kozi ya usimamizi wa biashara ya shamba. Wazee wengi hawajui. Ukienda kumwomba ekari 2 ukiwa na fomu mkononi, unazungumza naye kama mtu mwenye kitu cha kumpa. Mimi nilivyoanza kwenda na fomu, lugha ilibadilika. Kabla ya hapo nilikuwa "nitakufikiria".

Tatu, tuna msingi tayari. Kilimo Minnesota wako hukuhuku, wanawapa Waafrika vipande vya kujifunzia na mafunzo ya udongo na masoko. Wahmong walitutangulia mbali sana kwa hilo. Wao walikuja kama wakimbizi baada ya vita vya Laos, wakaanza kwa kukodi vipande, wakaunda chama, na leo wana shamba la ekari zaidi ya 150 kaunti ya Dakota ambalo bunge la jimbo lilichangia kulinunua. Ukienda soko la wakulima la St. Paul, angalia nani yuko nyuma ya meza.

#5 Kibaraza

Dada Kunde, hapo kwenye kukodi nimekuelewa. Huku tuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mnaunda kikundi, mnaandika katiba, mnapata mkopo. Ilisitishwa 2023 kwa sababu vikundi hewa vilizidi, ikaja kurudishwa. Huko hakuna vikundi hewa?

#6 Kunde_na_Managu

Huku hupewi kama kikundi, unaomba wewe kwa jina lako na karatasi zako za kodi. Udanganyifu haukosekani, mwenye macho amesoma magazeti ya jimbo hili miaka hii. Lakini kwenye hii ruzuku ya ardhi pesa inaishia kwenye hati ya kununulia shamba. Shamba hewa ni gumu kulisajili.

#7 Wakili wa Kijiwe

Ngoja niongeze upande wa sheria kwenye hiyo ruzuku ya ardhi maana ina historia.

Mwanzoni ilikuwa na kipaumbele kwa wanaoitwa wakulima wanaochipukia, na tafsiri yake ilihusisha rangi, jinsia, kuwa veterani, kuwa mlemavu, kuwa kijana, kuwa mkazi wa mjini. Januari 2024 mkulima mmoja wa kaskazini akaenda mahakama ya shirikisho. Alisema bahati nasibu ilimpa nafasi ya mbele, kisha akasukumwa nyuma kwa kuwa ni mwanamume Mzungu. Bunge halikusubiri hukumu, likaondoa kipaumbele hicho mwaka huohuo. Kwa hiyo ndugu zangu, yeyote anayewaambia mtapata "kwa sababu ni Waafrika" anawauzia maneno. Mnapata kwa sababu mmeomba mapema na karatasi zimekamilika.

Na kwenye swali la uzi, kwa nini vitu vinne vinafungwa pamoja: Katiba ya Minnesota, ibara ya 4 kifungu cha 17, inasema sheria moja iwe na jambo moja, na jambo hilo litajwe kwenye kichwa chake. Kwa maandishi. Sasa tazama kinachotokea. Kikao lazima kifungwe katikati ya Mei. Viongozi wanapanga kila kamati itatumia kiasi gani, kamati inakusanya miswada kadhaa midogo na kuifunga furushi, wiki ya mwisho mafurushi yanafungwa pamoja. Mwaka 2024 dakika za mwisho kabla ya usiku wa manane ulipita muswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400. Upinzani unapiga kelele, spika anapigisha kura haraka, kwisha. Agosti 2025 jaji wa kaunti ya Ramsey akafuta kipande cha muswada huo, kilichohusu kifaa cha kuharakisha kufyatua bunduki, kwa hoja kwamba hakina uhusiano na sheria ya kodi kilimobandikwa. Sehemu nyingine akaziacha.

Kwa hiyo mstari wako wa maonyesho au wa maveterani unaweza kuwa mzuri, wote wanaupenda, na bado ukafa kwa sababu ya furushi ulimowekwa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko kiasi cha pesa.

#8 Nesi wa Usiku

Nimeona maveterani yametajwa nikajua sitalala leo. Mimi ni nesi, nilianza kama CNA, yaani msaidizi wa nesi, kama nusu ya Wakenya wa Brooklyn Park na Brooklyn Center. Mnajua wenyewe nani anawageuza wazee wa jimbo hili saa nane za usiku.

Nyumba za maveterani za jimbo ziko nane. Za zamani ni Minneapolis, Hastings, Silver Bay, Luverne na Fergus Falls. Mpya ni tatu: Bemidji vitanda 72, Montevideo 72, Preston 54. Hizo mpya bunge lilizipitishia pesa 2018, na wazee wa kwanza wakaanza kuingia baada ya kama miaka mitano. Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu serikali ya shirikisho hulipa hadi asilimia 65 ya ujenzi, lakini jimbo lionyeshe kwanza kuwa sehemu yake ipo, halafu lisimame kwenye foleni ya kitaifa ya miradi. Ile asilimia 60 ya kura aliyoitaja mzee wetu ni mlango wa kwanza tu.

Watu wa vijiji vile walichanga. Walifanya harambee, kwa sababu mzee wa Preston hakutaka kupelekwa Minneapolis akafie mbali na watoto wake. Hilo nalielewa kabisa.

Sasa mimi ninachouliza ni kitanda bila mtu. Jengo linapigwa picha, mbunge anakata utepe, lakini mwaka wa pili hakuna picha ya zamu isiyo na watu. Pesa ya jengo inatoka kwenye hati fungani, pesa ya mishahara inatoka mfuko mkuu, na hiyo ndiyo inayopiganiwa kila miaka miwili. Faida ya nyumba za jimbo ni kwamba wewe unakuwa mtumishi wa jimbo: una chama, una pensheni, una likizo inayoeleweka. Nyumba ya binafsi niliyoanzia, sitaitaja, ilikuwa unapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kuwa zamu imefutwa na hulipwi kitu. Kwa hiyo wanaotafuta kazi, kabla ya kukimbilia wakala angalieni tovuti ya ajira za jimbo. Fergus Falls na Luverne ni mbali, najua, theluji huko si ya mchezo. Lakini nyumba ya kupanga ni nafuu na mtoto anasoma darasa lenye watu wachache.

#9 Komando Mstaafu

Nesi, asante kwa kutugeuza, mwili huu siku moja utafika kwako.

Mimi niliingia Walinzi wa Taifa (National Guard, jeshi la akiba la jimbo) nikiwa na green card, uraia nikaupatia humohumo jeshini. Wakenya tuko wengi kuliko mnavyofikiri. Tatizo letu tukivua gwanda tunavua na faili. Mtu ametumwa nje, amerudi goti limekwisha, anasema "mimi sitaki kuombaomba". Si kuomba, kaka. Mwaka 2022 jimbo lilipitisha sheria ya maveterani yenye bonasi kwa waliotumikia kati ya 11 Septemba 2001 na 30 Agosti 2021: dola 600 kwa aliyetumikia, 1,200 kwa aliyepelekwa eneo la mapambano, 2,000 kwa familia iliyofiwa. Gavana Walz aliyeisaini naye alikaa Walinzi wa Taifa miaka 24. Nawafahamu watu ambao hawakuomba mpaka dirisha likafungwa.

Nendeni kwa ofisa wa maveterani wa kaunti. Ni bure. Mtu wa mtandaoni anayetaka asilimia ya malipo yako ili akujazie fomu, mkimbie. Baadhi ya mataifa ya Wenyeji nayo yana maofisa wao wa maveterani, na wale jamaa wanajua kazi. Jeshini nilikuwa na Mwojibwe wa Leech Lake, ukoo wao una askari kila kizazi. Nilimuuliza siku moja anaipiganiaje nchi iliyomnyang'anya ardhi. Akanicheka, akasema ardhi ni ileile.

#10 Mtoto wa Bukavu

Jambo kwenu wote, niko Rochester. Mimi niulize wazi, msinikasirikie. Wenyeji wana kasino. Nilipita Mystic Lake nikaona magari kama uwanja wa mpira. Sasa kwa nini jimbo liwape tena pesa? Na tunaambiwa wao ni mataifa, wanajitawala. Taifa linapewa vipi pesa na jimbo?

#11 Mzee wa Mississippi

Mtoto wa Bukavu, hakuna wa kukukasirikia, wabunge wenyewe huuliza hivyo kwenye kamati.

Mystic Lake ni ya Washakopee Mdewakanton. Ni Wadakota wachache, na wapo ukingoni mwa majiji mawili makubwa, ndiyo maana magari yamejaa. Red Lake iko kaskazini kabisa, watu ni wengi, na kutoka hapa ni saa nne au tano za kuendesha. Kasino yao haipati wateja wa namna hiyo. Kati ya mataifa 11, saba ni ya Waojibwe: Red Lake, White Earth, Leech Lake, Mille Lacs, Fond du Lac, Bois Forte na Grand Portage. Manne ni ya Wadakota: Shakopee, Prairie Island, Lower Sioux na Upper Sioux. Kuwapima wote kwa kasino moja ni kama kuipima Kongo nzima kwa mtaa mmoja wa Gombe, kule kwa matajiri wa Kinshasa.

Sasa swali la taifa kupewa pesa. Rudi 1862. Wadakota walikuwa wameshatia saini mikataba ya kuachia ardhi kubwa ya kusini mwa jimbo hili, na malipo yao yalikuwa yaje kila mwaka kutoka serikalini. Kiangazi cha 1862 malipo yakachelewa. Maghala ya wakala wa serikali yalikuwa na chakula, na watu wakiwa na njaa hawakufunguliwa. Vita vikalipuka Agosti. Desemba 26 mwaka huo wanaume 38 Wadakota walinyongwa Mankato kwa wakati mmoja, na hakuna watu wengi kuliko hao waliowahi kunyongwa pamoja kwa amri ya serikali katika historia ya Marekani. Mwaka uliofuata Kongresi ikapitisha sheria ya kuwafukuza Wadakota jimboni. Hiyo ndiyo ile 1862 ambayo maonyesho hayakufanyika.

Kwa hiyo mtu akiniambia pesa hizi ni zawadi, mimi namuuliza zawadi ya nani kwa nani. Hawa walilipa kwanza, kwa ardhi.

Eneo lenyewe la ghala la Upper Sioux, karibu na Granite Falls, baadaye lilifanywa mbuga ya jimbo. Watu wanakuja na mahema na baiskeli juu ya mahali ambapo Wadakota walikufa njaa na kuzikwa. Jumuiya ya Upper Sioux ilidai kwa miaka mingi irudishiwe. Mwaka 2023 bunge likapitisha, na 2024 ardhi ikakabidhiwa. Na hapa ndipo unaona kwa nini ilihitaji fungu la bajeti: mbuga ilikuwa imejengwa na kununuliwa kwa hati fungani na pesa za shirikisho zenye masharti kwamba itabaki mahali pa burudani ya umma. Huwezi kurudisha tu kwa kupeana mikono, ilibidi jimbo lilipe kuzifungua kamba hizo. Baadhi ya wakazi wa Granite Falls hawakufurahi, walikuwa wanategemea wageni wa mbuga. Nao walisikilizwa kamatini.

Mwaka huohuo wa 2023, jimbo lilipokuwa na ziada ya dola bilioni 17.5, lilipitisha pia elimu ya chuo bila ada kwa Wenyeji wakazi wa Minnesota kwenye vyuo vya jimbo, na msaada wa kila mwaka unaokwenda moja kwa moja kwa serikali za mataifa yao. Unaenda serikali kwa serikali. Hauendi kupitia kaunti, na hilo walilipigania sana.

Na kinyume cha wanavyodhani watu, kwa mikataba ya kasino ya Minnesota jimbo halichukui mgawo wa mapato. Kila baada ya miaka michache mbunge fulani hulikumbuka hilo akitaka pesa za uwanja wa michezo.

#12 Mtoto wa Bukavu

Gombe umenipata kabisa, mzee. Nimeelewa. Hiyo ya kuchelewesha malipo mpaka watu wanapigana, sisi hatuhitaji kufundishwa.

#13 Kibaraza

Lakini Mzee wa Mississippi bado hujajibu kichwa chako mwenyewe cha uzi. "Sisi tuko wapi?" Mko wapi?

#14 Mzee wa Mississippi

Tuko zamu ya usiku, Kibaraza. Kikao cha kamati ni saa mbili na nusu asubuhi, mtu katoka kazini saa moja.

Ila mambo yanasogea. Novemba 2024 Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Baraza la Wawakilishi kwa wilaya ya 38A, yaani hapahapa Brooklyn Park na Osseo. Aliingia baraza lililogawanyika 67 kwa 67, kura moja ina uzito wa jiwe. Baraza hilohilo ndilo lililompoteza Melissa Hortman, spika wa zamani na mbunge wa Brooklyn Park vilevile, aliyeuawa nyumbani kwake Juni 2025 pamoja na mumewe. Wengi wetu tulikuwa tukimwona mtaani tu.

Na tangu korona, kamati nyingi hupokea ushahidi kwa video. Unamwandikia msimamizi wa kamati siku moja kabla, unapewa dakika mbili. Unaweza kuongea ukiwa ndani ya gari nje ya kazi, nimeshaona watu wakifanya hivyo na sare zao. Kamati za kwenda ni ile ya kilimo na ile inayoshughulikia maveterani. Nesi, wewe ningependa wakusikie kuhusu zamu zisizo na watu kabla hawajapanga viwango vya matumizi, yaani Machi. Ukienda Mei unawapungia mkono tu.

#15 Nesi wa Usiku

Machi. Nimeandika. Lakini dakika mbili hazitanitosha hata kusalimia, mimi Mkisii.

#16 Kunde_na_Managu

😂😂 Dada, andika barua ndefu, halafu kwenye video soma aya moja. Barua inaingia kwenye kumbukumbu za kamati, wasaidizi wao wanasoma.

#17 Mtoto wa Bukavu

Na mimi nina mtoto wa miaka 10 anataka mbuzi aingie maonyesho ya kaunti. Tunaanzia wapi? Tumekaa mjini, mbuzi mwenyewe yuko kwa rafiki mwenye shamba.

#18 Kunde_na_Managu

Anzia 4-H, mpango wa vijana wa kufuga na kulima, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Minnesota kupitia ofisi ya kaunti. Mjini si tatizo, mbuzi anaweza kukaa kwa mtu mwingine mkiandikishana, ila mtoto awe anamhudumia mwenyewe, majaji wanamuuliza maswali pale pale. Mnyama anaandikishwa majira ya kuchipua, si wiki ya maonyesho, na hapo ndipo wageni wengi wanapokwama. Halafu pakua kitabu cha zawadi cha kaunti yenu uone vitengo. Huyo mbuzi ni wa maziwa au wa nyama?

#19 Mtoto wa Bukavu

Wa nyama. Lakini mtoto ameshampa jina, sijui itakuwaje.